Jina Kwanza, Beti Baadaye: Mwongozo kwa Mtunzi wa Nyimbo

Nyimbo nyingi hupewa jina dakika ya mwisho. Biti imeshapigwa, sauti zimeshaingizwa, prodyuza anataka kuhifadhi faili na anauliza aandike nini. Mtunzi anakitazama kiitikio, anaokota neno linalojirudia zaidi, na kazi imekwisha. Mwongozo huu unakutaka ufanye kinyume chake: litafute jina mapema, kabla hujaandika ubeti wa kwanza, kisha ulitumie kupimia kila mstari unaofuata. Jina likija mwisho linakuwa kibandiko tu. Likitangulia, linakuamulia nani anasema, anamwambia nani, kumetokea nini, na kipi hakina nafasi humu. Beti dhaifu nyingi hazitokani na uhaba wa maneno. Zinatokana na mtunzi kuanza safari bila kujua anakwenda wapi, kwa hiyo ubeti wa kwanza unasema anapenda, wa pili unasema anapenda sana, na wa tatu unarudia wa kwanza.

Kwa nini jina litangulie

Chukua "Majengo Siendi Tena" ya Fundi Konde. Ni maneno matatu tu, lakini ndani yake mna mahali, mna mtu anayesema, mna uamuzi aliokwisha kuufikia, na mna swali ambalo msikilizaji hawezi kuliacha: huko Majengo kulitokea nini? Mtunzi yeyote mwenye maneno kama hayo mkononi amekwisha kupunguziwa mzigo, maana beti zake hazina budi kulijibu swali hilo. Tazama pia "Sina Makosa" ya Les Wanyika, iliyovuma kuanzia 1979. Anayejitetea ameshitakiwa, na aliyeshitakiwa ana anayemshitaki. Kabla gitaa halijalia tayari wako watu wawili na ugomvi kati yao. Kama wimbo huohuo ungeitwa "Mapenzi", msikilizaji asingejua asimame upande gani, na mtunzi naye asingejua.

Wakati mwingine jina huamua hata umbo la wimbo. "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, iliyotoka 2001, ina jina ambalo ni jibu. Jibu haliwezi kukaa peke yake, lazima awepo anayeongea ili ajibiwe, na ndivyo wimbo ulivyojengwa: mgombea anamwaga ahadi, umati unaitikia. Kadiri ahadi zinavyozidi kuwa za ajabu huku jibu likibaki lilelile, ndivyo kejeli inavyokua. Hakuna ubeti unaohitaji kutueleza kwamba wananchi wanadanganywa, jina linaifanya kazi hiyo kila linaporudi.

Jambo hili si la kuigwa kutoka kwa watu wa mbali. Wasomaji wa kurasa za mashairi magazetini wanajua kwamba kichwa cha shairi mara nyingi huwa ni kibwagizo chenyewe au kipande chake. Malenga anajifunga mapema: kila ubeti, uanzie popote, sharti ufike kwenye mstari uleule na ufike kwa haki, si kwa kuburutwa. Taarabu imeurithi utaratibu huo. Ukumbini, shabiki huinuka kwenda kutunza pale maneno yanapomgusa yeye au yanapomfikia anayemlenga, na maneno hayo aghalabu ndiyo yaliyobeba jina la wimbo. Mwimbaji akilifikia jina bila ya beti kulitayarishia njia, watu hubaki vitini.

Jina zuri linatoka wapi

Chemchemi ya kwanza ni methali, lakini ichukue nusu. Mbaraka Mwinshehe aliuita wimbo "Jogoo la Shamba", Mr. Nice akauita wake "Kikulacho". Hakuna mtu wa Kiswahili asiyeweza kumalizia, na huko kumalizia ndiko kunakomwingiza msikilizaji kazini. Ukiandika methali nzima umeshamaliza hadithi mlangoni, hakuna cha kungoja. Lady Jaydee alipotumia "Siku Hazigandi", jina lilikuwa kauli kamili, ila ni kauli isiyosema siku hizo zinamwendea nani vizuri na nani vibaya, na swali likabaki wazi.

Chemchemi ya pili ni kanga. Wanaotunga maneno ya kanga, kama yale ya "Mali ya Abdulla" wa Mombasa, wana nafasi ya mstari mmoja tu, nao mstari huo lazima umfae mvaaji, umchome jirani, na bado uweze kukanwa kwamba haukumlenga mtu. Ukitaka kujifunza jina la wimbo linavyobeba ujumbe mzito kwa maneno machache, kaa dukani usome kanga hamsini mfululizo. Usiyanakili maneno yake. Angalia namna yalivyopangwa: mengi yana mtu anayeambiwa, yana jambo lililotokea kabla, na hayaelezi.

Fumbo ni jamaa wa karibu wa kanga. Remmy Ongala alipotaka kuimba juu ya kondomu na kinga ya UKIMWI aliuita wimbo "Mambo kwa Soksi". Redio ya taifa iliukataa, lakini watu waliuelewa na waliweza kuutaja mbele ya wakwe bila kuona haya. Hicho ndicho kipimo cha fumbo: lifungue mlango wa kulisema jambo zito, lisiufunge. Fumbo ambalo mtunzi peke yake ndiye anayelielewa halimsaidii mtu.

Majina ya watu yanahitaji tahadhari. "Zuwena" na "Georgina" za Marijani Rajab na "Neema" ya Mlimani Park zilipendwa, na wengi wamejaribu kufuata njia hiyo wakashindwa. Jina la mtu halina hadithi ndani yake kama "Majengo Siendi Tena". Hadithi yote lazima iletwe na beti, na lazima tumwone Zuwena mmoja asiyefanana na Zuwena mwingine. Siti binti Saad alifanya hivyo kwa jina zito zaidi: "Kijiti" ni jina la mtuhumiwa katika kisa cha mauaji Unguja, na kwa kuliimba tu, wimbo ulimshitaki mtu ambaye mahakama ilikuwa imemshindwa. Kama huna kisa cha namna hiyo, usiseme umepata jina. Umepata mhusika tu, na bado unatafuta jina.

Namna ya kufanya kazi

1. Weka daftari la majina peke yake, mbali na daftari la mistari. Andika kila kauli inayokugusa sokoni, kwenye daladala, msibani, kwenye simu ya mtu anayezungumza kwa sauti kubwa. Usiichuje siku hiyo.

2. Baada ya wiki moja lirudie. Futa kila jina ambalo halina mtu anayesema au jambo lililotokea. "Upendo", "Maisha" na "Dunia" zitaanguka hapa, nazo zinastahili kuanguka.

3. Kwa kila jina lililobaki, andika swali ambalo mgeni angeliuliza akilisikia. Ukikosa swali, weka alama ya kukata. Ukipata maswali matatu, una beti tatu.

4. Liseme kwa sauti kama unavyozungumza, sio kuimba. Piga kofi pale mkazo unapoangukia. Hesabu mizani.

5. Litafutie mahali katika wimbo: mwanzo wa kiitikio, mwisho wake, au kibwagizo cha kila ubeti. Amua sasa, kwa sababu uamuzi huu ndio utakaokuambia vina vyako viishie na silabi gani.

6. Andika sentensi moja kwa kila ubeti ikieleza jina lina maana gani pale. Ikiwa sentensi mbili zinafanana, ubeti mmoja haupo.

7. Ndipo uanze kutunga.

Tuzijaribu hatua hizi kwa jina moja. Mitaani watu wengi huacha ufunguo kwa jirani, na kauli ya "ufunguo kwa jirani" inasikika kila siku bila ya mtu kuigeukia. Ina mtu aliyeondoka, ina mtu atakayerudi, na ina shahidi katikati. Maswali yanakuja yenyewe: nani kauacha, nani ataufuata, na mbona hawakukutana mlangoni? Sasa hesabu: u-fu-ngu-o-kwa-ji-ra-ni. Ni mizani nane kamili, nusu ya mshororo wa kumi na sita, kwa hiyo unaweza kulifanya kipande cha mwisho cha kibwagizo bila kulivuta wala kulikata. Sikiliza mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unagonga *ngu* na *ra*, yaani silabi ya tatu na ya saba. Kutoka pigo moja hadi jingine ni hatua ya silabi nne, na hilo linalala vizuri juu ya mdundo wa nne kwa nne. Ukikosea ukaliweka pigo zito kwenye *kwa* au kwenye *ni* ya mwisho, mwimbaji atasikika kama mtu anayejifunza lugha, hata sauti yake iwe tamu namna gani.

Irabu nazo zina kazi. Ukitaka kuishika noti ndefu, ishike kwenye *ra*, ambako mdomo unafunguka, kisha *ni* ianguke fupi. Iwapo tuni yako inataka noti ndefu mwisho kabisa, geuza: "Jirani Ana Ufunguo" ina mizani tisa na inaishia na *o* ya kuimbika, ila sasa anayetajwa kwanza ni jirani, na wimbo umeanza kumtazama yeye. Ona jinsi suala la irabu moja lilivyokuwa suala la hadithi. Hapo mtunzi anachagua anachotaka kusema, na ni heri achague sasa kuliko baada ya beti nne.

Tubaki na la kwanza. Ubeti wa kwanza: mume anafanya kazi za usiku bandarini, mke hutoka alfajiri, na ufunguo kwa jirani ni uaminifu wa kila siku. Ubeti wa pili: mume anarudi, ufunguo upo kama kawaida, nyumba ni tupu, na sasa ufunguo uleule ni barua ya kuagana. Ubeti wa tatu: miezi imepita, yeye ndiye anayeuacha kwa jirani kila akitoka, asije mkewe akarudi akakuta kumefungwa. Maneno hayakubadilika hata silabi moja, lakini yamepita kwenye uaminifu, kuachwa na kungoja. Kibwagizo kinaweza kuwa "Ukirudi usibishe, ufunguo kwa jirani", nane na nane. Kuna hatari moja ya kuangalia. Kina cha *ni* ni rahisi kupita kiasi: nyumbani, njiani, moyoni, duniani, kila mahali panaishia hapo, na mtunzi mvivu atajaza beti nzima kwa maneno ambayo sikio limeyachoka. Weka sharti kwamba *moyoni* na *duniani* hazitaingia, kisha tafuta *bandarini*, *kizingitini*, *dirishani*, maneno yanayoonyesha nyumba hii na si nyumba yoyote.

Kwa wasiokubaliana

Pingamizi la kwanza ni la wapiga muziki: tuni huja kwanza, maneno hufuata, na katika studio za leo biti huwepo kabla ya mtunzi kufika. Ni kweli, na haliharibu hoja. Paul McCartney aliipata tuni ya "Yesterday" kabla ya maneno, akawa anaiimba kwa maneno ya muda yaliyohusu mayai ya kuvuruga. Maneno hayo, kwa Kiingereza, yalianza na silabi tatu, na jina lililokuja kuchukua nafasi yake lina silabi tatu, mahali palepale mwanzoni. Tuni ilikuwa imekwisha kuchimba shimo lenye umbo la jina, na kilichobaki ni kulipata linaloingia. Kwa hiyo ukipewa biti, usianze na mstari wa kwanza wa ubeti. Imba bila maneno, tafuta pale ambapo tuni inataka kusema jambo moja tu, hesabu silabi zake, kisha nenda kwenye daftari lako utafute jina lenye mizani hiyo na mkazo huo. Bado jina limetangulia beti.

Wengine husema kwamba jina la mapema humfunga mtunzi. Humfunga, naam, kama vina na mizani vinavyomfunga malenga, na hakuna anayedai kwamba Kiswahili kilikosa ushairi kwa sababu hiyo. Lakini pingamizi hili lina ukweli ndani yake: yapo majina yanayokufa njiani, na ubeti wa pili unaweza kukupeleka mahali bora kuliko ulipokusudia. Likitokea hilo, badilisha jina bila huruma. Ila usilibadilishe peke yake. Rudi ubeti wa kwanza ukaupime upya kwa jina jipya, maana mstari uliofaa jina la zamani sasa unaweza kuwa mgeni nyumbani.

Pingamizi gumu zaidi ni lile la nyimbo zilizofaulu bila ya jina lenye maana. "Helule Helule" ya Daudi Kabaka ilivuka bahari, na mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliirekodi, wala wasikilizaji wao hawakuhitaji kamusi. Hapa nakubali: katika wimbo wa kucheza, kazi ya jina ni kupigiwa kelele na umati, na sauti yake ni muhimu kuliko maana. Ukitunga wimbo wa namna hiyo, hatua ya tatu iruke, hatua ya nne izidishe. Tafuta irabu zilizo wazi na marudio, jaribu kuliita ukiwa umesimama upande wa pili wa uwanja. Nayo "Bohemian Rhapsody" ya Queen, ya 1975, haina neno hata moja la jina lake ndani ya mashairi. Lakini Queen walikuwa tayari na wapenzi wao waliojua pa kuwatafuta. Mtunzi ambaye bado hajulikani ana msikilizaji mmoja tu wa kumtegemea: aliyesikia nusu ya wimbo kwenye basi na anataka kuutafuta. Msikilizaji huyo hana kingine ila maneno aliyoyasikia yakiimbwa. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ya 1982, inaitwa na wengi "Hakuna Matata" kwa sababu hayo ndiyo maneno yaliyobaki masikioni, na Boney M. walipoirekodi 1983 waliyaweka yote mawili katika jina.

Makosa ya kawaida

*Jina pana.* "Nakupenda" ziko nyingi mno kwenye mitandao ya muziki, na yako itakuwa chini kabisa ya orodha. Ongeza kitu kinachoshikika: mahali, saa, chombo, kitendo.

*Jina linalomaliza hadithi.* "Aliniacha Kisha Akarudi" ni muhtasari. Hakuna atakayesikiliza apate habari aliyokwisha kupewa.

*Misimu ya msimu.* Neno la mtaani linanoga mwaka huu na linachuja mwakani. Litumie ikiwa wimbo wenyewe ni wa kipindi hicho, na ujue umeuwekea tarehe.

*Jina lisilofika kwenye kiitikio.* Kama ubeti wa mwisho umekwisha na jina halijasikika, uwe na sababu nzito.

*Jina la mtu halisi asiyeridhia.* Mpenzi wa zamani hakukuruhusu, na wimbo ukivuma hutaweza kulirudisha.

Kabla ya kuachia wimbo

Kwa kawaida jina la wimbo peke yake halilindwi na hakimiliki, kinacholindwa ni maneno na tuni. Kwa hiyo mwenzako akiwa na wimbo wenye jina kama lako, mara nyingi huna kesi, naye hana. Hilo lisikufanye uchukue jina ambalo watu wamekwisha kulifungamanisha na msanii mwingine: kila anayelitafuta atampata yeye. Litafute mtandaoni kwa tahajia zote mbili au tatu zinazowezekana kabla hujalikubali.

Kisha chagua tahajia moja na uishike. "Ndiyo" na "Ndio" kwa msomaji ni jambo lilelile, lakini kwenye orodha za kompyuta ni nyimbo mbili, na malipo ya wimbo hutafutwa kwa jina na kwa mtunzi. Andika jina kwa herufi zilezile unaposajili kazi kwenye taasisi ya hakimiliki kama COSOTA, COSOZA au MCSK, unapochukua namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, unapompa msambazaji faili, na unapopandisha video. Kumbuka kwamba namba hiyo ni ya rekodi, si ya utunzi: ukirekodi upya toleo la gitaa tupu utahitaji nyingine, ilhali jina la utunzi linabaki moja. Na wasikilizaji wakianza kuuita wimbo kwa jina lao wenyewe, usishindane nao. Liandike jina lao kwenye mabano baada ya lako, kila mahali, kwa tahajia ileile, na uiarifu taasisi uliyosajili kwamba kazi hiyo sasa ina jina la pili.